Matawi ya Kilio Mbele ya Malori

Usiku wa kuamkia siku ya kuondoa kilio, yaani kumaliza matanga, swali moja lilininyima usingizi: je, mtu anaruhusiwa kumtumia marehemu kufunga barabara? Nililigeuza kila upande. Nikajiuliza padri angesema nini, marehemu mwenyewe angesema nini, mwalimu wangu wa sheria angesema nini. Nikajiuliza pia kama ninasumbuka kwa sababu nina dhamiri au kwa sababu nina woga tu, na kama kuna njia ya kuvitofautisha viwili hivyo. Jogoo aliwika nikiwa sina jibu. Nilichokuwa nacho ni hasira, na hasira ile haikuanzia kwenye kifo. Ilianzia kwenye majembe yetu wenyewe.

Avenyu yetu iko Muhumba, mjini Bukavu. Inaachana na lami juu, inateremka kuelekea ziwa, na katikati inapiga kona kali kama kiwiko cha mkono. Nyumba yetu iko juu ya kona hiyo. Inasimama pale kwa sababu ya ukuta wa mawe ambao baba aliujenga kabla hajafariki, jiwe moja moja, ili kuuzuia mlima usitumwage barabarani pamoja na vitanda vyetu. Mtu wa mji mwingine anaweza kudhani ninatia chumvi. Mtu wa Bukavu anajua. Kila msimu wa mvua kuna nyumba inayoteremka, na asubuhi watu wanasimama juu kutazama mahali ilipokuwa. Juu ya ukuta kuna ua wa miti ya misipresi iliyopandwa zamani za Wabelgiji, na mama alikuwa akiipogoa kwa panga kana kwamba anamnyoa mtoto nywele.

Ilikuwa miaka ya vita ya pili ya nchi yetu. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, mshahara ulikuwa neno la zamani, na petroli ilikuwa haba hata kwa wakubwa. Avenyu ikawa ya miguu. Watoto walichezea katikati ya njia, kuku walilala katikati ya njia, na wamama wabebaji waliipanda kutoka ziwani na magunia mgongoni, kamba ikipita juu ya paji la uso, macho yakitazama ardhi. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kupata lisansi, shahada ya sheria, wakati ambapo hakuna aliyejua sheria ni ya nani, kwa hiyo majirani wote waliniita Lisansie. Wengine kwa heshima. Wengine hapana.

Siku moja shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu, alipita nyumba kwa nyumba akitangaza salongo, kazi ya pamoja. Jumamosi kila nyumba itoe mtu na jembe, njia imeliwa na mvua, tuitengeneze. Tulitoka wote. Ninataka jambo hili lieleweke, kwa sababu baadaye watu walituambia tulilazimishwa, na si kweli. Tulitoka kwa furaha. Tangu vita ianze, kila aliyebisha mlangoni alikuja kuchukua: godoro, redio, kijana. Huyu alikuja kutuomba tufanye kitu chetu kwa mikono yetu. Tulibomoa kingo, tuling'oa mawe, tulijaza mashimo, tukapanua njia upande wa bonde hadi watu watatu waweze kutembea sambamba na bado nafasi ikabaki.

Jirani yetu wa chini ya kona, mzee aliyekuwa amefanya kazi posta hadi posta ikafa, alisimama akiniangalia nikilima.

"Lisansie, shika vizuri. Ile haiko kalamu."

"Niko nashika, muzee."

"Uko unaibembeleza. Jembe si muchumba."

Mkewe alitoka na sufuria ya mahindi ya kuchemsha akagawia avenyu nzima. Alikuwa mnene, mwenye ugonjwa wa presha, akipumua kwa sauti kila alipopanda ngazi tatu. Aliitazama njia mpya, akapiga makofi.

"Aksanti, batoto. Ile siku yangu mutanipandisha hapa, sasa hamutanitikisa."

Tulicheka. Hata mimi, ambaye huwa ninasikia ubaya ndani ya kila mzaha, nilicheka.

Baada ya juma moja malori yakaja.

Yalikuja yamebeba mchanga kutoka upande wa Kamanyola, yamebeba mawe, yamebeba mabati. Yalishuka moja baada ya lingine hadi chini kabisa, kwenye shamba la mikaratusi kando ya ziwa ambalo sote tulilijua kuwa la Leta, yaani la serikali. Kumbe lilikuwa limekwisha gawiwa. Mfanyabiashara mmoja, rafiki wa wakubwa wa wakati ule, alikuwa anataka kujenga pale nyumba za kupangisha, safu nzima, zenye varanda zinazotazama maji. Hatukuwahi kumwona uso. Tulimwita patron, yaani bosi, kama kila mtu alivyomwita. Alichohitaji kwa shefu kilikuwa njia inayopitisha lori, na shefu alimpa mabega yetu.

Sijui kama nitaweza kueleza vizuri aibu ile. Kuibiwa tulikuwa tumezoea. Lakini mwizi kukuomba umfungulie mlango, ukafungua ukiimba, ukamgawia mahindi, hilo halikuwa limetupata.

Njia ilikuwa imepanuka, lakini si kwa lori, na kona ilikuwa bado kona. Kila lori lilipofika pale lilisimama, likarudi nyuma, likasogea, likarudi nyuma tena, likitapika moshi ndani ya jiko la mama. Watoto walikatazwa kutoka. Mama mmoja mbebaji alikuwa anapanda na gunia la makala, yaani makaa ya kupikia, wakati lori linashuka. Mwenye gunia mgongoni haruki pembeni. Anageuka polepole kama mlango. Alianguka mferejini na makala yake yote, na dereva akatoa kichwa dirishani.

"Maman, njia iko ya gari!"

"Na mimi niko nini?" mama yule aliuliza kutoka mferejini. "Niko jiwe?"

Kisha malori yakaanza kuukwaruza ukuta wa baba. Kwanza mkwaruzo, halafu jiwe moja likatoka. Mama alilirudisha kwa udongo.

Shefu aliitisha mkutano uani kwake, baada ya watu kunung'unika sana. Patron alimtuma mjumbe, kijana wa rika langu mwenye viatu vinavyong'aa, aliyetuambia kwamba tunapata maendeleo. Mtu akauliza watoto watapita wapi kwenda shuleni. Mtu mwingine akauliza, nyumba zikiisha na kila mpangaji akiwa na gari lake, magari yatapishana wapi?

"Mulikuwa munalia hakuna njia," mjumbe alisema. "Sasa njia iko, munalia tena."

Mama alisimama. Mama yangu hasemi mbele ya watu, kwa hiyo nilishikwa na jasho kabla hajafungua mdomo.

"Bale ba kisiwa ya Idjwi banakujaka na mitumbwi ya mota," alisema. "Banaleta mananasi, banaleta makala, banaleta batu. Ule muchanga hauwezi kukuja na maji, wateremushie pale pale chini? Juu ya nini upite kwa mulango yangu?"

Lilikuwa wazo la kawaida kabisa, na mimi na lisansi yangu sikuwa nimelipata.

"Ku ziwa kuko bariere mingi, maman," mjumbe alijibu. "Kila mwaskari anafunga njia, anataka chake. Huku juu hatuna bariere."

"Basi na huku tutaweka," mzee wa posta alisema, na uani kote wakacheka. "Kila mutu iko na bariere yake mu hii inchi. Sisi tu ndiyo hatuna."

Mkutano uliisha kwa kicheko hicho. Juma lililofuata, mtu alipita na kopo la rangi akachora msalaba mwekundu kwenye ukuta wetu. Kila mtu wa Bukavu anajua maana yake: hapa patabomolewa. Shefu alikuja kueleza, akitazama viatu vyake: kona itakatwa ili malori yapite bila kurudi nyuma. Pembe tu, alisema. Pembe ya ukuta.

"Na mulima utashikwa na nini?" mama aliuliza.

"Maman, amri si yangu."

Mama alichukua mashuka yaliyolowa akayatandaza juu ya msalaba ule. Tangu siku hiyo alikuwa anafua hata vilivyo safi.

Na mimi nilifanya nini? Nilifikiri. Nilifikiria mahakama, nikakumbuka kwamba majaji wanasubiri mishahara na wenye bunduki wanasubiri majaji. Nilifikiria kwenda kwa meya, nikajiuliza ni meya wa nani. Halafu akili yangu, ambayo haijawahi kuniacha nikasirike kwa amani, ilinigeukia: mji umejaa watu waliokimbia vijiji vyao, wanalala wanane chumba kimoja, na wewe unapinga ujenzi wa nyumba? Nilitembea na aibu hiyo siku kadhaa. Mwishowe nilimwuliza yule mjumbe, nilipomkuta barabarani, kama waliokimbia vijiji watapata hata chumba kimoja kule chini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama samaki watapata viti kanisani.

"Kaka," alisema, "ile ni nyumba ya kulipia dola."

Aibu ikaniondoka. Hasira ikabaki peke yake, na nafasi ya kutosha.

Halafu mke wa mzee akaugua. Presha ilimpanda mchana, mdomo ukapinda, tukamweka kwenye kiti, vijana wanne wakakiinua begani kumpeleka hospitali. Tulipofika kwenye kona, lori lilikuwa limekwama limelala njia nzima, pua yake kwenye ukuta wetu na mkia wake kwenye bonde. Hapakuwa na nafasi ya kupitisha kiti. Tukasubiri. Mzee alikuwa ameshika mguu wa mkewe, anampiga piga polepole kama mtu anayemliwaza mtoto. Dereva alipiga gea mbele, nyuma, mbele. Tulimbembeleza, tukamtukana, tukamsukumia mawe chini ya magurudumu. Lilipotoka, tulipanda mbio, na tulimtikisa. Tulimtikisa sana.

Alifariki baada ya siku chache. Daktari alisema angekufa hata kama tungefika mapema. Labda. Nimeligeuza neno hilo "labda" kuliko neno lolote katika maisha yangu.

Kwetu, mtu akifa, majirani ndio wanaotoka kwanza. Wanakata matawi, wanayapanda pale avenyu inapoanza, ili kila anayepita ajue kuna kilio ndani. Viti vinapangwa barabarani, turubai linafungwa kutoka ua hadi ua, na njia inakuwa ya waliofiwa hadi siku ya kuondoa kilio. Hakuna anayeuliza ruhusa. Hata askari wa miaka ile, ambao hawakuheshimu kitanda cha mtu, walipofika kwenye matawi walizima redio na kuvua kofia. Yakikauka na kilio kikiisha, majirani haohao wanayang'oa.

Siku ya kwanza malori yaliyakuta matawi yakasimama juu. Dereva mmoja alishuka hata kutoa pole. Siku ya pili, wakati wamama wanaimba, tulisikia mota. Lori lilikuwa limepita juu ya matawi. Lilishuka hadi kwenye viti, likasimama hatua chache kutoka kwa wanawake walioketi chini kwenye mikeka, na likapiga honi.

Honi, katika kilio.

Nyimbo zilikatika. Wanawake waliinuka wote pamoja. Dereva akatoa mikono dirishani.

"Bamaman, munihurumie. Mimi niko mutu ya kazi. Patron amesema muchanga ufike leo."

Mzee wa posta alitoka ndani, amevaa koti lake jeusi. Alikwenda taratibu hadi kwenye lori, akaegemea mlango kama mtu anayeongea na rafiki.

"Piga tena," alisema.

"Muzee, pole..."

"Piga tena, mwanangu. Piga na nguvu. Labda atasikia, arudi."

Dereva aliinamisha kichwa juu ya usukani. Kisha akatia gea ya nyuma na kulirudisha lori mlima wote, akiwa amegeuza shingo, hadi kwenye lami. Mimi nilipanda nyuma yake nikayakuta matawi yamesagwa, alama za magurudumu juu ya majani. Niliyainua. Hayakusimama.

Alasiri ile shefu alikuja kwenye kilio, akala, akatoa pole, halafu akaninong'oneza. Kilio kitaondolewa kesho asubuhi. Viti vikitoka tu, wafanyakazi wanakuja na nyundo kwa ajili ya ukuta wetu. Tuhamishe vyombo vya jikoni. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayenitendea wema.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi hivi: viti vikiwa barabarani, ukuta wa baba unasimama. Viti vikiondoka, mlima unateremka na jiko letu mvua ya kwanza.

Nilimwendea mzee. Alikuwa amekaa peke yake pembeni ya turubai, na kikombe cha chai iliyopoa. Nilizunguka sana. Nilianza na historia, nikapitia haki ya waliofiwa, nikafika kwenye desturi. Aliniacha nizunguke hadi nikachoka.

"Lisansie, sema."

"Muzee, kilio kisiondolewe kesho."

Aliweka kikombe chini. Halafu akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Unataka bibi yangu akuwe bariere."

Niliona haya hadi masikio yakawaka. Nilifungua mdomo kuomba radhi, akaninyamazisha kwa mkono.

"Mimi nimechoka, mutoto. Batu ya famille banarudia kwabo, chakula imeisha, na mimi napenda kulala. Kilio ni yangu, lakini usiniulize mimi. Mimi niliwahi kuweka matawi?"

"Hapana, muzee."

"Mwenye kufiwa hawekaka matawi. Anakaa ndani analia. Matawi inawekwaka na majirani, na majirani ndiyo banaitoshaka mu njia. Sasa weye uko nani?"

Hakuniambia ndiyo, hakuniambia hapana. Aliniachia swali, nami nikalala nalo, au sikulala nalo. Kama matawi yataendelea bila kilio, je, si uongo? Na tukisema uongo juu ya kifo, siku yetu ikifika nani atasimamisha lori? Desturi ina nguvu kwa sababu hakuna anayeidanganya. Nikiidanganya mara moja kwa ajili ya ukuta wangu, nimeipasua kwa ajili ya wote. Nilifikia hapo, nikarudi mwanzo, nikafikia hapo tena.

Asubuhi watu walikuwa wanakusanya viti. Nilimwona mama akitoa sufuria jikoni, anazipanga nje moja moja. Alikuwa ameyaanua mashuka, na msalaba mwekundu ulikuwa wazi. Halafu nilimsikia mzee ndani ya nyumba yake. Alikuwa anaita jina la mkewe. Hakuwa akiomboleza mbele ya watu, wala hapakuwa na wimbo. Alikuwa analiita kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali fulani. Na mwanamke mmoja aliyekuwa amebeba viti viwili aliviweka chini, akaketi juu ya kimoja, akaanza kulia upya.

Nilisimama pale nikaona jinsi nilivyokuwa mjinga. Nilikuwa nimeuliza usiku kucha kama tuna haki ya kujifanya bado tunalia. Nani alikuwa anajifanya? Nani aliyesema tumemaliza? Shefu. Shefu na nyundo zake.

Nilichukua panga la mama nikapanda juu ya ukuta, nikaanza kukata misipresi. Mama aliacha sufuria. Alijua thamani ya ua ule kuliko mimi. Nilidhani atanifokea.

"Si vile," alisema. "Kata chini, tawi likuwe refu. Likuwe linaonekana."

Tulibeba matawi wote wawili, yeye mbele, mimi nyuma, utomvu ukinigandia mikononi. Juu kwenye lami malori yalikuwa yamepanga foleni, na shefu alikuwa anaongea na wanaume wenye nyundo. Dereva wa honi ndiye aliyekuwa mbele. Niling'oa matawi yaliyosagwa, nikayatupa pembeni, nikachimba kwa ncha ya panga. Nilipanda tawi la kwanza mbele kabisa ya lori, majani yake yakagusa chuma.

Shefu alikuja mbio.

"Lisansie! Nani tena amekufa?"

Hapo ndipo ningeweza kusema uongo, na nilikuwa nimekwisha ujaribu kichwani, na shangazi wa kubuni aliyefia kijijini. Sikuuhitaji.

"Hakuna mwingine, papa shefu. Ni yule yule. Bado tunamulilia."

"Mpaka lini?"

"Tutakuambia."

Nilipanda la pili, mama akalishindilia udongo kwa kisigino. Nyuma yetu nilisikia kiti kikiburutwa juu ya mawe. Mzee wa posta alikuwa anapanda na koti lake jeusi, polepole, akipumzika kila hatua chache kama mkewe. Alikiweka kiti katikati ya njia, nyuma ya matawi mabichi, akaketi. Dereva alimtazama. Kisha akavua kofia, na akazima mota.